Prostaglandini: kinga ya asili ya tumbo, na unachopaswa kujua kabla ya kumeza dawa ya maumivu

Karibu kila nyumba ina vidonge vya maumivu mahali fulani: kwenye droo, kwenye pochi ya mama, au vimefungwa kwenye karatasi juu ya kabati. Diklofenaki kwa magoti ya bibi, ibuprofeni kwa maumivu ya hedhi ya binti, aspirini kwa kichwa cha baba. Dawa hizi zinasaidia kweli. Lakini zinasaidia kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda tumbo lisichubuliwe na asidi yake lenyewe. Mtu anayezimeza kila siku kwa wiki au miezi anaweza kupata vidonda vya tumbo, au kuvuja damu tumboni, bila kujua chanzo ni nini.

Makala haya yanaeleza prostaglandini ni nini, zinafanya kazi gani tumboni na kwenye utumbo, na jinsi ya kutumia dawa za maumivu kwa usalama kwa watoto, wajawazito, mabinti na wazee unaowahudumia.

## Kwa kifupi

- Prostaglandini hutengenezwa na mwili wenyewe. Tumboni zinaongeza ute wa kinga, zinapunguza asidi na kusaidia ukuta wa tumbo kujiponya.
- Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na dawa nyingine za kundi hilo huzuia prostaglandini mwili mzima, pamoja na tumboni.
- Kula kabla ya kumeza dawa hizi, au kuchomwa sindano badala ya kumeza, hakuondoi hatari ya vidonda.
- Parasetamoli haigusi kinga ya tumbo kwa kiwango hicho, ndiyo maana mara nyingi ndiyo chaguo la kwanza.
- Choo cheusi kinachonata kama lami, au kutapika damu, ni dharura. Nenda hospitali mara moja.

## Prostaglandini ni nini?

Prostaglandini ni kemikali ndogo zinazotokana na mafuta yaliyo kwenye utando wa nje wa kila seli ya mwili. Homoni kama insulini hutengenezwa sehemu moja, kisha husafiri kwenye damu kwenda kufanya kazi mbali. Prostaglandini hazisafiri hivyo. Hutengenezwa papo hapo zinapohitajika, hutuma ujumbe kwa seli za jirani, kisha huvunjwavunjwa ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana mwili lazima uendelee kuzitengeneza wakati wote.

Kazi yake inategemea ziko wapi:

- Kwenye jeraha au kiungo kilichovimba, zinaleta maumivu, joto na uvimbe.
- Kwenye ubongo, zinapandisha homa mwili unapopambana na maambukizi.
- Kwenye mfuko wa uzazi, zinaukaza wakati wa hedhi na wakati wa uchungu wa kujifungua.
- Kwenye figo, zinasaidia damu iendelee kupita vizuri, hasa mwili unapopungukiwa maji.
- Kwenye tumbo, zinalinda ukuta wake.

Jina lake lilitokana na dhana isiyo sahihi. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Uswidi, Ulf von Euler, alizikuta kwenye majimaji ya uzazi ya mwanamume, akadhani zinatoka kwenye tezi dume, yaani prosteti. Baadaye ilifahamika kwamba karibu kila sehemu ya mwili, wa mwanamke na wa mwanamume, inazitengeneza. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kabla ya hapo watu walikuwa wameitumia aspirini kwa zaidi ya miaka 70 bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1982 Vane alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili waliochunguza prostaglandini, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

## Prostaglandini zinalindaje tumbo?

Ukikamulia limau kwenye kidole chenye kidonda, unajua inavyouma. Asidi iliyo tumboni ni kali kuliko maji ya limau. Inalainisha nyama na kuua vijidudu vingi tunavyomeza na chakula. Tumbo lenyewe ni nyama, na bado kwa mtu mwenye afya asidi hiyo hailichubui. Sababu ni kinga ambayo prostaglandini zinaisimamia, kwa njia nne:

1. Zinaongeza ute. Ukuta wa ndani wa tumbo umefunikwa na ute mzito unaoteleza. Ute huu unaizuia asidi isigusane na seli.
2. Zinaongeza bikaboneti. Hii ni kemikali ya aina ile ile iliyo kwenye magadi ya kuokea. Inakaa ndani ya ute na kuipoza asidi inayojaribu kupenya.
3. Zinapunguza asidi. Zinaziambia seli zinazotoa asidi zipunguze kasi.
4. Zinaleta damu ya kutosha. Zinapanua mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wa tumbo. Damu huleta hewa na lishe, na seli zilizochubuka hubadilishwa haraka na seli mpya.

Prostaglandini zikipungua, yote manne yanadhoofika kwa pamoja. Ute unakuwa mwembamba, bikaboneti inapungua, asidi inaongezeka na damu inapungua. Mchubuko mdogo uliokuwa upone kimya kimya unabaki, unachimbika, na hatimaye unakuwa kidonda. Kidonda kikifika kwenye mshipa wa damu, mtu anaanza kuvuja damu ndani.

## Na kwenye utumbo?

Chini ya tumbo, kwenye utumbo mwembamba na utumbo mpana, prostaglandini zina kazi nyingine. Zinaongoza misuli ya utumbo inayosukuma chakula, na zinafanya maji yatoke kwenye ukuta kuingia ndani ya utumbo. Zikiwa za kiasi, choo kinakwenda vizuri. Zikiwa nyingi kupita kiasi, kwa mfano utumbo unapovimba kwa sababu ya ugonjwa, maji yanakuwa mengi, misuli inakaza, na mtu anaharisha na kusikia tumbo linanyonga.

Hii inaeleza jambo ambalo wanawake wengi wanalijua lakini wanaona aibu kulisema: kuharisha au kwenda haja mara nyingi siku ya kwanza na ya pili ya hedhi. Mfuko wa uzazi hutengeneza prostaglandini nyingi siku hizo ili ujikaze na kutoa damu. Nyingine zinaugusa utumbo ulio jirani, nao unaanza kukaza. Si uchafu wa chakula, wala si ugonjwa, na kwa kawaida huisha hedhi ikipungua.

## Dawa zinazozuia prostaglandini

Mwili hutengeneza prostaglandini kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa siklooksijenesi, ambacho kwa kifupi huandikwa COX. Kiko cha aina mbili kuu. COX-1 kinafanya kazi kila siku, na ndicho hasa kinacholinda tumbo. COX-2 huongezeka zaidi kunapokuwa na jeraha au uvimbe, na ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya maumivu.

Dawa nyingi za maumivu na uvimbe huzuia vyote viwili. Maumivu yanapungua, na kinga ya tumbo inapungua pia. Dawa hizo ni pamoja na:

- aspirini
- ibuprofeni
- diklofenaki
- naproksini
- indometasini
- piroksikamu
- meloksikamu

Kwenye pakiti zinaweza kuwa na majina mengi ya biashara. Vidonge vingine vinavyouzwa kama "dawa ya kichwa" ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Mtu anaweza kumeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo asubuhi, na jioni akameza dawa ya kichwa yenye aspirini, akidhani ni vitu viwili tofauti. Kwa tumbo lake, hizo ni dawa mbili za kundi moja kwa siku moja. Angalia maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo pameandikwa kilichomo.

Zipo dawa kama selekoksibu zinazozuia zaidi COX-2. Zinalisumbua tumbo kidogo kuliko nyingine, lakini si salama kwa kila mtu. Dawa mojawapo ya kundi hilo, rofekoksibu, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2004 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hizi zitumike kwa maelekezo ya daktari.

Parasetamoli iko kundi jingine. Inatuliza maumivu na homa, lakini kwa kipimo sahihi haipunguzi prostaglandini za tumbo kama hizo nyingine. Hatari yake ni kwa ini, pale mtu anapozidisha kipimo. Kwa mtu mzima, isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kwa mtu mwenye mwili mdogo, anayekunywa pombe sana au mwenye ugonjwa wa ini, kipimo kinapaswa kuwa chini ya hapo.

## "Nimekula kwanza, kwa hiyo niko salama"

Hili tunalisikia karibu kila nyumba tunayotembelea. Ni kweli kwamba chakula kinapunguza kichefuchefu na kiungulia cha papo hapo, na ni vizuri kumeza dawa hizi na chakula. Lakini hatari kubwa haitokani na kidonge kugusa ukuta wa tumbo. Kidonge kinayeyuka, dawa inaingia kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye seli zote, zikiwemo zile zinazotengeneza prostaglandini za tumbo. Chakula hakizuii hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo, sindano ya diklofenaki na dawa ya kuweka kwenye njia ya haja kubwa nazo zinaweza kuleta vidonda, ingawa hazikupita mdomoni. Dawa ya kupaka kwenye ngozi huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, hivyo hatari yake kwa tumbo ni ndogo. Kwa goti au kiwiko kinachouma, muulize mtoa huduma kama dawa ya kupaka inaweza kutosha.

## Bibi na babu: walio hatarini zaidi

Mtu mzima mwenye afya akimeza ibuprofeni siku mbili au tatu kwa jino, kwa kawaida tumbo lake litastahimili. Hatari inapanda kwa:

- mwenye umri wa zaidi ya miaka 60
- aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo au kuvuja damu tumboni
- anayetumia dawa mbili za kundi hili kwa pamoja
- anayetumia pia prednisoloni, au dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini
- mwenye maambukizi ya bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori
- anayevuta sigara au kunywa pombe sana
- anayetumia kipimo kikubwa, au kwa muda mrefu

Wazee wengi wana zaidi ya jambo moja kati ya haya. Kibaya zaidi, dawa inayomuumiza tumbo ndiyo hiyo hiyo inayotuliza maumivu. Kwa hiyo bibi anaweza kuwa na kidonda bila kulalamika tumbo, na dalili ya kwanza ikawa ni kuanguka kwa kizunguzungu au kupata choo cheusi.

Kama unamlea mzee, zungumza naye kwa heshima. Usimnyang'anye dawa. Maumivu ya magoti ni ya kweli, na asiyeyapata hawezi kumpimia mwenzake. Mwambie, "Bibi, naomba nizione dawa zako zote, hata zile za dukani, tuzipeleke kwa daktari azitazame." Zikusanye kwenye mfuko mmoja uende nazo. Anaweza kupewa parasetamoli, dawa ya kupaka, mazoezi mepesi ya viungo, au kama lazima aendelee na dawa ya kundi hili, apewe kipimo kidogo kinachotosha pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo.

Tahadhari moja muhimu: kama daktari amempa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, asiiache mwenyewe. Kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko tumbo analoliogopa. Arudi kwa daktari aulize kuhusu kulinda tumbo.

## Watoto: homa na kuharisha

Mtoto mwenye homa, kwanza apimwe malaria ndani ya saa 24 kama mnaishi penye malaria. Dawa ya homa inashusha joto na kumpa nafuu, haitibu chanzo.

Parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Chupa nyingi za maji zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote. Soma chupa yako, na tumia kipimio kilichokuja nayo, si kijiko cha chai cha jikoni. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe kituo cha afya kwanza, usimtibu nyumbani.

Ibuprofeni isitolewe kwa mtoto wa chini ya miezi 3 au chini ya kilo 5, isipokuwa daktari ameagiza. Pia usimpe mtoto anayeharisha au kutapika sana. Hapa ndipo prostaglandini za figo zinapoingia. Mwili ukipungukiwa maji, figo zinazitegemea prostaglandini ili damu iendelee kufika. Ukizizuia wakati huo, figo zinaweza kuumia. Usimpe pia mtoto mwenye tetekuwanga au anayehisiwa kuwa na homa ya dengi.

Aspirini isitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka 16 kwa ajili ya homa au maumivu. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini unashambulia ubongo na ini na unaweza kuua. Kumbuka zile dawa za kichwa za mchanganyiko. Nusu kidonge kwa mtoto ni aspirini kwa mtoto.

Kwa mtoto anayeharisha, dawa kuu ni maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki. Changanya pakiti ya ORS kwenye maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Baada ya kila choo, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 na zaidi anywe mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

## Ujauzito na kunyonyesha

Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu. Karibu na moyo wake kuna mshipa maalumu unaoipitisha damu pembeni mwa mapafu, na prostaglandini ndizo zinazouweka wazi. Mama akimeza ibuprofeni au diklofenaki mimba ikiwa kubwa, mshipa huo unaweza kufunga kabla ya wakati. Dawa hizo pia zinaweza kuziathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zisitumike kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito bila agizo la daktari. Kwa mjamzito mwenye maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo inayopendekezwa kwanza.

Aspirini ndogo ambayo kliniki humpa mjamzito aliye katika hatari ya kifafa cha mimba ni jambo tofauti. Kama umeandikiwa, itumie kama ulivyoelekezwa.

Kuna dawa nyingine ambayo kila mwanamke anapaswa kuijua: misoprostoli. Hii ni prostaglandini iliyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1988 iliidhinishwa Marekani kwa kazi ya kuwakinga na vidonda vya tumbo watu wanaotumia dawa hizi za maumivu. Inarudisha tumboni kile ambacho dawa ya maumivu imekiondoa. Lakini kwa kuwa prostaglandini hukaza mfuko wa uzazi, inaweza kuharibu mimba au kuleta damu nyingi. Kazi hiyo hiyo ya kukaza ndiyo inayoifanya iwe dawa ya kuokoa maisha wanawake wanapotokwa damu baada ya kujifungua. Na kwa kuwa prostaglandini huongeza maji kwenye utumbo, wengi wanaoitumia huharisha.

Vipo vidonge vya maumivu vyenye diklofenaki na misoprostoli pamoja. Kama una mimba, au unadhani unaweza kuwa nayo, usimeze kidonge cha magoti cha mama mkwe au cha jirani bila kujua kilichomo.

Kwa mama anayenyonyesha, ibuprofeni kwa siku chache kwa kawaida ni salama, kwa sababu kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Aspirini ya kutuliza maumivu iepukwe.

## Binti na maumivu ya hedhi

Kwa maumivu ya hedhi, ibuprofeni hufanya kazi vizuri, kwa sababu inazuia prostaglandini zile zile zinazokaza mfuko wa uzazi. Inaweza hata kupunguza kule kuharisha. Inafaa zaidi ikianzwa mapema maumivu yanapoanza, pamoja na chakula, kwa siku 2 hadi 3 tu. Kwa binti mwenye tumbo zima, matumizi mafupi ya namna hii yana hatari ndogo. Mwenye pumu au aliyewahi kuwa na vidonda aulize kwanza.

Binti ambaye kila mwezi anakosa shule, anatumia vidonge kwa wiki nzima, au anaona damu kwenye choo, apelekwe kituo cha afya. Usimwambie ni kawaida ya wanawake.

## Ukiwa na vidonda tayari

Vidonda vya tumbo vina visababishi viwili vikuu: bakteria Helicobacter pylori, na dawa tulizozitaja. Pilipili na mawazo vinaweza kuongeza maumivu, lakini mara nyingi si chanzo. Kwa hiyo matibabu yana hatua tatu:

- Kuacha dawa inayochubua, kwa ushauri wa daktari. Bila hili, dawa nyingine yoyote inafanya kazi kwa tabu.
- Kupunguza asidi kwa omeprazoli au dawa ya jamii yake, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, ili ukuta upate nafasi ya kupona.
- Kupima bakteria, kwa kipimo cha choo au cha pumzi, au kwa kamera ya kuingia tumboni. Akiwepo, mgonjwa hupewa antibayotiki zaidi ya moja, na lazima azimalize hata akijisikia nafuu.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, lakini baadaye yanalifanya tumbo litoe asidi zaidi. Dawa za kutafuna za kiungulia hutuliza pia, ila haziponyi kidonda. Ukiona unazihitaji kila siku, hiyo yenyewe ni sababu ya kwenda kupimwa.

## Dalili za hatari: nenda hospitali mara moja

- Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa uliolowa
- Choo cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali
- Maumivu makali ya tumbo yaliyoanza ghafla, na tumbo kuwa gumu
- Kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi, moyo kwenda mbio
- Kupauka kwa viganja, midomo au ndani ya kope

Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi au cha kijani kibichi kilichokolea, na wajawazito wengi huogopa. Choo hicho kwa kawaida hakinati kama lami wala hakina harufu ile kali. Ukiwa na shaka, usikisie. Nenda ukachunguzwe.

Unapofika, sema wazi: "Amekuwa akitumia dawa hii ya maumivu kwa muda huu." Onyesha pakiti. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokolea daktari muda mwingi, na mgonjwa damu nyingi.

## Maswali ya kuuliza dukani kabla ya kulipa

1. Dawa hii ina nini ndani? Ina aspirini, ibuprofeni au diklofenaki?
2. Inafaa kwa umri wake, uzito wake, au ujauzito wake?
3. Inaweza kuchanganywa na dawa anazotumia sasa?
4. Atumie kiasi gani, na mwisho siku ngapi?

Muuzaji mzuri hatakasirika ukiuliza. Kama hawezi kujibu, nenda duka jingine au zahanati. Na ukikuta mtu nyumbani ametumia dawa ya kundi hili kwa zaidi ya siku 10 mfululizo bila kuandikiwa, usisubiri dalili. Mpeleke akaonwe wiki hii hii, pamoja na pakiti zake zote.